Ndege kutoka kwenye pisti: hatari huanza mbele ya magurudumu kugusa chini

Base ya Kamina, katika jimbo la Haut-Lomami, Wabelgiji waliijenga kisha vita ya pili ya dunia, na wakatengeneza pale pisti za kupokea ndege kubwa. Mtu akisimama kwenye pisti kama ile anaweza kusema: hapa ndege haiwezi kukosa nafasi. Lakini urefu wa pisti peke yake hauokoi watu.

Jirani zetu wa Kolwezi waliona jambo hilo tarehe 17 Novemba 2025. Ndege aina ya Embraer iliyochukua ujumbe wa waziri wa migodi ilitoka kwenye pisti wakati wa kutua, kisha moto ukawaka. Mungu saidia, wote walitoka wazima. Bukavu haikuwa na bahati hiyo. Tarehe 12 Februari 2012, ndege ndogo ilipita mwisho wa pisti ya Kavumu, na Augustin Katumba Mwanke, aliyewahi kuwa liwali wa Katanga, akapoteza maisha pamoja na watu wengine. Goma nayo, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya pisti mwaka 2002. Miaka saba baadaye, Novemba 2009, ndege ya MD-82 ilishindwa kusimama na kuingia ndani ya mawe ya lava hiyo.

Kila mara, maneno ya kwanza ni yale yale: freni zimekatika, piloti hajui kazi, ao ni uchawi. Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna sababu moja. Kuna makosa madogo yanayoshikana mkono.

La kwanza ni mwendo. Ndege ikifika na mwendo uliopita kipimo kwa asilimia 10, nguvu ambayo freni zinapashwa kuzima inaongezeka kwa asilimia 21. Upepo ukiisukuma toka nyuma, ao magurudumu yakigusa katikati ya pisti badala ya mwanzo, nafasi inazidi kupunguka. Tena Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na Kolwezi na Goma ziko karibu mita 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege inatua kwa mbio kuliko kule chini kwa bahari.

La pili ni mvua, na kwetu mvua inaanza Oktoba mpaka Aprili. Maji yakituama kwenye pisti, mipira inaelea juu yake na haishiki chini. Piloti anakanyaga freni, ndege inateleza.

La tatu ndilo linalopeleka ndege pembeni: nguvu isiyo sawa kushoto na kuume. Upepo wa ubavuni unaisukuma. Mota moja inarudisha nguvu nyuma, nyingine inakataa. Mpira wa upande mmoja unapasuka, ao mguu wa magurudumu unavunjika. Hapo ndege inavutwa upande mmoja, na piloti ana sekunde chache tu za kuirudisha katikati.

Dawa kubwa ya mambo mengi kati ya haya inajulikana: kupanda tena. Kama ndege haijakaa vizuri, mwendo ni mwingi ao pisti haionekani, piloti anaongeza nguvu ya mota, anarudi juu, anazunguka. Mafuta yanaungua na saa zinapotea, lakini watu wanabaki. Kampuni inayomkaripia piloti kwa sababu ya mafuta hayo inamfundisha kulazimisha siku nyingine.

Serikali nayo ina deni. Kanuni za kimataifa zinaomba mwisho wa pisti uwe na eneo safi la usalama, angalau mita 90 kupita ukanda wa pisti, na ikiwezekana 240 kwa viwanja vya ndege kubwa. Mkaaji anayelipa Go-Pass analipa kwa ajili ya viwanja hivyo. Ana haki ya kuona mifereji inayotoa maji, pisti zisizo na mashimo, na kando zisizo na mawe wala mitaro. Ana haki pia ya kusoma ripoti ya kila ajali, iliyotangazwa wazi, ili kosa la Kolwezi lisirudiwe Kamina. Ripoti inayolala ndani ya kabati haimfundishi piloti yeyote.

Abiria nao wana sehemu yao. Siku ndege inapokaribia chini kisha inapanda tena juu, msipige kelele kwamba piloti ameshindwa. Wazee walisema: kawia ufike. Siku hiyo, piloti huyo amefanya kazi yake.