Fimbo ya mama, Poirot na vitu vya bankambo wetu

Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake, na ambaye sasa analala kwa ndugu zake hapa Kamina, alinionyesha fimbo ya marehemu baba yake. Ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge cha zamani. Juu yake kumechongwa kichwa cha mwanamke, nywele zimesukwa vizuri, macho yamefumba. Alipokimbia alikuwa na watoto, sufuria moja na fimbo hiyo. Vingine vyote vilibaki.

Akaniambia kwamba mtu wa biashara amekwisha kumfikia mara mbili. Mara ya kwanza alitoa bei ya gunia moja la mahindi. Mara ya pili magunia mawili. Mama alikataa, lakini njaa haikatai. Kisha akaniuliza: «Mwanangu, mimi nikifa kesho, nani atajua kama fimbo hii ni yetu?»

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na swali lake, na ndiyo sababu ninaandika haya.

Wengi wetu tuliosoma shule tuliwahi kukutana na vitabu vya Agatha Christie, yule mama Mwingereza aliyeandika hadithi za upelelezi. Mpelelezi wake mashuhuri ni Hercule Poirot, mtu mfupi mwenye sharubu zilizopambwa. Hadithi ni za Kiingereza, lakini Poirot mwenyewe si Mwingereza. Ni Mbelgiji. Na tunasahau jambo lingine: alikuwa mkimbizi. Katika kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka 1920, anaishi Uingereza pamoja na Wabelgiji wenzake waliokimbia vita ya kwanza ya dunia. Wabelgiji wapatao 250,000 walikimbilia Uingereza katika vita ile, na wengine walifika katika mji wa Agatha Christie. Aliwaona kwa macho yake, ndipo akamtunga Poirot.

Ndugu mliokimbia makwenu, lishikeni hilo. Mtu ambaye dunia nzima inamsifu kwa akili alianza akiwa anakula chakula cha msaada katika nchi ya wengine. Kukimbia kulimnyang'anya nyumba, hakukumnyang'anya akili wala kumbukumbu.

Kati ya vitabu hivyo kuna kimoja cha mwaka 1942, kwa Kifaransa kinaitwa Cinq petits cochons. Mchoraji wa picha ameuawa kwa sumu. Mke wake amehukumiwa na amefia gerezani. Miaka 16 inapita, kisha binti yao anamwendea Poirot: nataka ukweli. Poirot afanye nini? Damu hakuna, chupa ya sumu haipo tena. Anawatafuta watu watano waliokuwapo siku ile, na kumwomba kila mmoja aandike anachokumbuka. Anazilinganisha habari zao, anaiangalia picha ya mwisho ya yule mchoraji, na ukweli unatoka. Kila mtu alikuwa na kipande chake. Hakukuwa na mtu wa kuviunganisha.

Sasa nitasema maoni yangu wazi. Sisi watu wa Katanga tunayo kesi ya namna hiyo, na ni kubwa kuliko ile ya kitabu. Vitu vya bankambo wetu viko Ulaya na Marekani, na mashahidi wanakufa mmoja mmoja bila kuulizwa.

Chukueni kesi ya Lusinga, mfalme wa Batabwa, kule upande wa ziwa Tanganyika. Mnamo Desemba 1884 watu wenye silaha waliotumwa na Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyekaa Mpala kwa niaba ya shirika la Leopold II, walishambulia kijiji chake. Lusinga aliuawa na kukatwa kichwa. Storms alilichukua fuvu lake, akachukua na sanamu yake, akaenda navyo Ubelgiji. Sanamu ilikaa kama pambo nyumbani mwa Storms huko Brussels, baadaye ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Mbelgiji, Michel Bouffioux, aliwaambia wasomaji wake kwamba fuvu liko ndani ya taasisi ya sayansi ya asili, katika mji uleule wa Brussels.

Hapo maiti ipo, sanamu ipo, na muuaji anajulikana, kwa maana Storms aliandika mambo yake mwenyewe katika daftari lake. Hii haikuwa siri. Ilikuwa kesi ambayo hakuna aliyetaka kuifungua.

Kesi ya pili ni ya jina lililopotea. Zamani Wazungu walipoona viti na sanamu za Baluba, waliandika tu «Baluba», kana kwamba kabila zima lilishika kisu kwa mkono mmoja. Mbelgiji Frans Olbrechts alifanya kazi ya Poirot. Alizilinganisha sanamu kutoka sehemu mbalimbali, akaona nyuso ndefu, mashavu yaliyobonyea, vidole virefu, akasema: hizi zimetoka mikononi mwa fundi mmoja au karakana moja. Kwa kuwa baadhi zilitoka kijiji cha Buli, kaskazini mwa Katanga ya zamani, fundi akaitwa Bwana wa Buli. Baadaye likatajwa jina la Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Leo kazi zenye alama za mkono ule ni kama ishirini hivi duniani. Moja iko Tervuren: mwanamke aliyeshika mboko. Nyingine ni kiti kilichoko New York, katika jumba la Metropolitan tangu mwaka 1979.

Angalieni tofauti. Mchoraji wa Ulaya akifa, jina lake linabaki chini ya picha. Fundi wetu alihitaji mpelelezi ili apate nusu ya jina. Si kwa sababu watu wa kwake hawakumjua. Walimjua sana, walimlipa, walimwita kwa majina ya sifa. Lakini aliyekinunua au kukinyakua kiti hakuuliza: nani alichonga hiki?

Wengine watasema: mambo yamekwisha kubadilika. Ni kweli, kuna hatua. Mobutu alilidai jambo hili mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973. Tangu 1976 mpaka 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu zaidi ya mia moja. Februari 2022 serikali ya Kinshasa ilipewa orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren. Juni mwaka uleule mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa ya Kakuungu ya Basuku, lakini kwa mkopo usio na mwisho. Na tarehe 3 Julai 2022 Ubelgiji ikapata sheria ya kufungua njia ya kurudisha.

Lakini njia hiyo inapita katika swali la mpelelezi: kitu hiki kilitoka vipi? Kilinunuliwa, kilitolewa zawadi, au kiliibwa? Wataalamu wanatafuta jibu katika karatasi, na karatasi ziliandikwa na nani? Na walewale waliochukua. Tukimwachia Storms peke yake atoe ushahidi, tutapata hukumu ya Storms. Ushahidi wa upande wetu hauko Brussels. Uko kwa wazee wa Kabongo, wa Malemba-Nkulu, wa Bukama, wa Kaniama. Na siku hizi sehemu yake iko chini ya mahema na katika nyumba za jamaa hapa mjini, pamoja na wale waliokimbia.

Wapo pia wanaosema: vikirudi vitaibwa tena. Sitaficha. Makumbusho ya Kinshasa yaliporwa katika vurugu za mwaka 1997, na vitu vingi vikapotelea sokoni. Lakini mwenye nyumba aliyeibiwa haambiwi kwamba mali iliyobaki akae nayo jirani. Anasaidiwa kuweka mlango. Tangu mwaka 2019 Kinshasa ina jumba jipya la makumbusho lililojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Lubumbashi ina lake tangu zamani. Swali langu ni kwa viongozi wetu: Haut-Lomami, ulio moyo wa Baluba, una nini? Hata chumba kimoja chenye kufuli na daftari?

Baluba hatuhitaji kufundishwa na Poirot jinsi ya kukumbuka. Wazee wa Mbudye walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na alama, na kwa kuugusa kwa kidole walihadithia wafalme, safari na mipaka. Lukasa bila mtu wa kuusoma ni ubao tu wenye shanga. Hapo ndipo tulipofika: mbao ziko Ulaya, wasomaji wanazikwa Kamina.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne. Familia yenye kitu cha zamani ikipige picha kwa simu, na iandike: kilikuwa cha nani, nani alikichonga, kilitumika siku gani, kijiji gani. Nakala moja ibaki kwa mtoto, nyingine kwa mtu wa kuaminika mbali na nyumba. Pili, walimu wawape wanafunzi kazi ya kuwauliza babu na nyanya zao, maana likizo moja inaweza kuokoa habari za miaka mia. Tatu, wanaoandikisha waliohama wasiulize tu idadi ya watoto na hema. Waulize pia: mmeacha nini cha ukoo, nani alikichukua? Nne, viongozi wa kimila waache kutia sahihi au kunyamaza pale wafanyabiashara wanapozunguka vijijini wakati watu wana njaa. Kununua kwa gunia la mahindi kitu cha mtu anayekimbia bunduki si biashara. Ni kuendeleza kazi ya Storms bila kukata kichwa.

Najua mtu hawezi kula fimbo. Atakayeuza kwa sababu mtoto analia, mimi simhukumu. Ninamhukumu anayemfikia akiwa katika hali hiyo, na ninatuhukumu sisi tunaomwacha peke yake na yule mnunuzi.

Nilirudi kwa yule mama. Tulikaa karibu saa mbili. Alitaja jina la baba yake, jina la fundi, kijiji, na wimbo walioimba fimbo ilipoinuliwa. Mjukuu wake aliandika katika daftari la shule, kwenye kurasa za nyuma za hesabu. Alipomaliza, mama alimwambia amsomee yote tangu mwanzo. Akamsahihisha mara mbili.

Sasa kuna mashahidi wawili.