Hashakum si Matusi: Ridhaa, Onyo na Deni la Msimulizi

Utangulizi

Makala haya yamechochewa na kauli iliyotolewa na mwenzetu mmoja katika semina ya idara. Alidai kwamba fasihi haibishi hodi; kwamba mwandishi akishurutishwa kumtahadharisha msomaji juu ya kitendo cha kubaka kilichomo katika hadithi yake, basi sanaa imekwisha na kilichobaki ni kikaratasi cha maelezo ya dawa. Tuliohudhuria tulicheka. Nami nilicheka. Nakusudia kuonyesha hapa kwamba kicheko kile hakikustahili, na kwamba katika suala la ridhaa ya kimwili wahakiki wa Kiswahili tumeachwa nyuma na wanafunzi wetu.

Kauli ile ilinikumbusha furushi la insha nililoletewa nyumbani Matinyani, Kaunti ya Kitui, mwaka 2019. Rafiki yangu anayefundisha Kiswahili katika shule moja ya upili aliwapa wanafunzi wake zoezi: wachague mhusika katika vitabu vilivyokuwa vikitahiniwa wakati ule, kisha wayaendeleze maisha yake kuanzia pale mwandishi alipomwachia. Pengine hakujua kwamba zoezi hilo ni utanzu wenye jina na historia. Ni hadithi za mashabiki, yaani hadithi ambazo msomaji huazima wahusika wa mtunzi mwingine na kuwapa maisha mapya. Huko Marekani utanzu huu ulishamiri katika vijarida vya wapenzi wa Star Trek tangu miaka ya 1960. Kwetu sisi si mgeni hata kidogo, kwani Sungura na Abunuwasi wameazimwa na kila kinywa kwa karne nyingi bila mtu kudai hati ya umiliki.

Insha mbili

Insha mbili katika furushi lile zilimwendeleza Sara, yule msichana wa 'Mame Bakari', hadithi ya Mohammed Khelef Ghassany iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016). Sara alibakwa usiku akitoka masomoni, akapata mimba, na sehemu kubwa ya hadithi ni hofu yake juu ya watakayoyasema wazazi, shule na ulimwengu.

Insha ya kwanza ilimwoza Sara kwa mbakaji wake. Wazee walikutana, mbuzi wakahesabiwa, bwana akatubu, na wawili hao wakaishi raha mustarehe. Lugha yake ilikuwa tamu, methali zilipangwa kama shanga, na mwalimu aliituza alama 16 kwa 20. Insha ya pili ilikuwa na hijai mbovu. Juu kabisa, kabla ya kichwa, mwandishi wake alikuwa ameandika maneno haya: 'Mwalimu, hashakum. Ukurasa wa tatu una kubakwa. Tafadhali usiisome kwa sauti darasani bila kuniuliza.' Mwalimu aliyazungushia maneno hayo kalamu nyekundu na kuandika pambizoni: 'Si sehemu ya insha.' Akaondoa alama mbili.

Simlaumu rafiki yangu, kwa maana alisahihisha jinsi tulivyomfundisha sisi wa vyuo vikuu. Tulimfundisha kutafuta tamathali, taharuki na maudhui. Hatukumfundisha kuuliza kama tukio lililosimuliwa lilikuwa na ridhaa, wala kama usimulizi wenyewe unajua kwamba halikuwa nayo.

Wanaohesabu miili na wasiohesabu ridhaa

Mjadala wetu kuhusu ngono katika fasihi umetawaliwa na kambi mbili zinazodhani kuwa ni mahasimu. Kambi ya kwanza ni ya marufuku. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa isisomwe katika shule za Tanzania. Mwaka 1976 nchi hiyo hiyo ilipiga marufuku vitabu vya jirani yetu David Maillu, mzaliwa wa Kilungu katika Makueni ya leo, ambaye After 4.30 (1974) ilizungumzia kwa ushairi yale yanayowapata wanawake wa ofisini Nairobi saa za kazi zinapokwisha. Kambi ya pili ni ya utetezi, nayo hutujia na msemo kwamba fasihi ni kioo cha jamii na kioo hakiombi ruhusa.

Nadai kwamba kambi hizi zina kosa moja. Zote mbili huhesabu miili iliyolala pamoja. Hakuna inayohesabu ridhaa. Mzuiaji huona uchafu sawasawa katika mapenzi ya hiari na katika unyama. Mtetezi naye huona uhalisia sawasawa katika yote mawili. Mjadala wa Rosa niliofundishwa mimi, na ambao niliufundisha kwa miaka mingi, ulihusu kama Rosa aliharibiwa na ukali wa babake au na uhuru wa ghafla. Swali la kama msichana wa shule anaweza kusemekana ameridhia mbele ya mwanamume mwenye madaraka juu yake halikuwa katika orodha ya maswali yetu.

Tazama msamiati tunaoutumia. Katika mwongozo mmoja wa riwaya niliousoma, msichana aliyebakwa ametajwa kuwa 'ameharibiwa'. Magazeti yetu husema mtoto 'amenajisiwa', na neno hilo linatokana na najisi. Kwa hiyo, kitenzi chenyewe kimekwisha kuupaka mwili wa mtoto uchafu ambao ni wa mkosaji. Hili si suala la kamusi peke yake. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991 katika shule ya St. Kizito, Meru, wasichana 19 walikufa na wengine 71 wakabakwa katika shambulio la wavulana wa shule hiyo. Na msimamizi mmoja wa shule alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakukusudia madhara, walitaka kubaka tu. Mwaka 2006, Bunge lilipokuwa likiujadili mswada wa makosa ya kingono, mbunge mmoja alitetea wazo kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huwa na maana ya ndiyo. Mtu anayezungumza hivyo ni mfasiri mbaya wa matini. Amelipokea neno lililo wazi kabisa, akalipa maana kinyume. Sisi ambao kazi yetu ni kufundisha kufasiri tulikuwa wapi?

Mswada ule ulipita, ukawa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Kifungu chake cha 42 kinaeleza kwamba mtu huridhia anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Hiari, uhuru, uwezo: ningependa mhakiki ayachukue maneno haya matatu kama anavyochukua 'mwanzo, kati na mwisho'. Ni vigezo vya uhakiki vilivyo bora kuliko vingi tunavyoviagiza kutoka ng'ambo.

Usimulizi unaojua unachokisimulia

Sidai kwamba ubakaji usiandikwe. Katika Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei, Lime na Mwanaheri, mabinti wa Kaizari, wanabakwa na vijana katika ghasia za baada ya uchaguzi, naye baba yao yupo na hana uwezo wa kuwaokoa. Kulifuta tukio hilo ni kuifuta historia ya nchi hii. Katika Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi, Yasmin ana miaka 15 anapoozwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Ndoa hiyo ni halali machoni pa jamaa, lakini msimulizi hatuachi tusahau kwamba bibi arusi hakuitaka. Hapo usimulizi unajua unachokisimulia. Jamii inaita ndoa; matini inatuonyesha kwamba ridhaa haipo.

Kinyume chake ni ile insha ya alama 16. Humo mbakaji anageuka kuwa mchumba bila matini kushtuka. Sisi tuliokulia vijijini tunajua hadithi hiyo ilikotoka, maana kesi nyingi za namna hiyo huishia chini ya mti, kwa wazee na kwa mbuzi, na msichana hahojiwi. Mwanafunzi hakubuni chochote. Aliyaiga maridhiano anayoyaona, akayapamba kwa methali. Hapa ndipo mtunzi anayeazima mhusika ana deni kubwa zaidi, kwa sababu kitu cha kuazima ni amana. Sara alitoka mikononi mwa Ghassany akiwa amedhulumiwa; hatuna haki ya kumrudisha akiwa ameshukuru. Fauka ya hayo, wahusika wengi wanaopendwa na vijana ni wanafunzi wenzao walio chini ya miaka 18. Tendo la ngono la mtoto haliandikwi kwa ajili ya kuburudisha, hata mtunzi awe na kipaji cha namna gani.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tunaifundisha methali hiyo kila mwaka. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye kitanda cha riwaya tunaigeuza, tukasema kimya ni kukubali.

Hashakum kama onyo

Nairudia insha ya pili. Msichana yule hakuiga mtindo wa kigeni. Alitumia neno lililokuwamo katika Kiswahili kabla ya shule zetu kujengwa. Mswahili mstaarabu anayetaka kutaja jambo zito la mwili husema kwanza 'hashakum si matusi', kisha hulitaja. Halifichi jambo, wala halifuti. Humpa msikilizaji pumzi moja ya kujiandaa, na humwonyesha kwamba amekumbukwa. Fanani naye haanzi ngano kabla ya kuita 'Paukwa!' na kungoja 'Pakawa!'. Hadhira isipoitika, hakuna hadithi. Kwa hiyo madai kwamba fasihi haibishi hodi hayana mizizi katika fasihi yetu. Fasihi yetu imekuwa ikibisha hodi tangu jadi.

Ni kweli kwamba onyo linaweza kutumiwa vibaya. Simulizi zinazosambazwa katika simu aghalabu hubandikwa alama ya '18+', na kila mtu anajua kwamba alama hiyo imewekwa kuwavuta hao hao inaodai kuwafukuza. Onyo la kweli hulitaja jambo lenyewe na kumwachia msomaji njia ya kutokea. Tangazo hulificha jambo na kumtekenya. Archive of Our Own, hifadhi kubwa ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, humtaka mtunzi atamke kama kazi yake ina ukatili wa kutisha, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, au ngono ya walio chini ya umri. Ama sivyo atamke waziwazi kwamba amechagua kutotoa onyo. Hata anayekataa kuonya hulazimika kumwambia msomaji kwamba amekataa. Huo ni uungwana ambao miongozo yetu ya riwaya haijaufikia.

Hoja mbili hupingana nasi. Ya kwanza ni kwamba onyo huua taharuki. Jibu ni kwamba tenzi zetu hulitangaza jambo lao katika dibaji, na ngano husimuliwa kwa watoto wanaoujua mwisho, na bado watu huketi kusikiliza. Sanaa inayokufa kwa sababu msomaji ameambiwa kuna ubakaji ukurasa wa tatu ilikuwa mgonjwa tangu ukurasa wa kwanza. Hoja ya pili ni kwamba onyo huwadekeza vijana, kwa kuwa maisha hayaonyi. Hilo la mwisho ni kweli, na ndilo linaloibomoa hoja yenyewe. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Kenya, takribani wasichana 16 kati ya 100 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla hawajatimiza miaka 18. Tukilifuata kadirio hilo, darasa la wasichana 50 lina wanane ambao maisha hayakuwaonya. Hao hawahitaji mwalimu wa fasihi awafundishe kwamba ulimwengu ni mkali.

Nasema haya nikiwa na hatia yangu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisoma kwa sauti ukumbini kisa cha mabinti wa Kaizari, bila neno la utangulizi, ili kuonyesha nguvu ya taswira. Siku moja mwanafunzi alisimama katikati ya usomaji, akatoka, na hakuhudhuria tena somo hilo muhula ule. Nilimwandikia kwamba hayupo. Sikumtafuta kumuuliza.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu, na sioni hata moja linalohitaji fedha. Kwanza, kila mhadhiri na kila mwalimu aseme mapema, kwa jina lake halisi, jambo zito lililomo katika kitabu atakachofundisha, na pawe na njia ya mwanafunzi kulipitia faraghani. Pili, maswali yetu ya mitihani yaache kuuliza 'athari za tamaa kwa msichana' pale ambapo matini inasimulia ubakaji. Tatu, wanafunzi wanaoandika hadithi za mashabiki wafundishwe kwamba ridhaa ni sehemu ya usukaji wa ploti, si pambo la maadili linalobandikwa mwishoni.

Kuhusu insha ile ya pili, nilimwomba rafiki yangu arudishe zile alama mbili, naye alizirudisha. Sikuisoma kwa sauti kwa yeyote, na yaliyomo katika ukurasa wa tatu hayatasimuliwa hapa. Mwandishi wake alitaka aulizwe kwanza, na mimi sijamuuliza.