Mbalamwezi na Sanduku la Fedha

Dagaa wa Musoma huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi unapong'aa, zile siku za 13, 14 na 15 ambazo baadhi yetu hufunga, mitumbwi hulala ufukoni. Kodi ya ghala hailali, wala karo. Basi mfanyabiashara wa dagaa na aandike mapema, juma kwa juma, fedha zitakazoingia na zitakazotoka. Gunia lililokopeshwa Bunda au Butiama liandikwe siku litakapolipwa, si siku lilipopakiwa. Hapa ndipo wengi huiona faida daftarini, na sanduku ni tupu. Akiliona juma la upungufu lingali mbali, atatenga sehemu ya mauzo ya usiku wa giza, asije akabisha hodi kwa mkopeshaji wa riba.