Maji ya Tana: Tusimngoje Mwenye Sumu

Kila usalama unapozorota kaskazini mashariki, swali hurudi barazani: itakuwaje mtu akitia sumu kwenye maji? Si swali la kipuuzi. Garissa inapakana na Somalia, na huko mwaka 2022 al-Shabaab walilaumiwa kwa kuharibu visima vya wanavijiji eneo la Hiran.

Lakini adui tuliyekwisha kumwona hakubeba sumu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika Garissa na kambi za Dadaab. Kisha yakaja mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Aprili 2024. Maji tele, ya kunywa shida. Mto ukifurika huzoa vyoo, mizoga na tope, na tope likizidi klorini hupungua nguvu. Wajir nako maji yako karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo choo cha shimo kikikaribiana na kisima, uchafu hupenya. Ndiyo maana mji ule ulitumia vyoo vya ndoo kwa miaka mingi.

Sisi wa pwani tusijione tuko mbali. Mto ni huo huo mmoja: Garissa, Hola, Garsen hadi Kipini. Kinachotiwa juu hutushukia sisi.

Habari njema ni kwamba ulinzi wa maadui hawa wawili ni mmoja. Shirika la Afya Duniani linataka maji yamfikie mtumiaji yakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Kupima ni kazi ya dakika chache: kidonge ndani ya maji, yageuke rangi ya waridi. Klorini ikishuka ghafla, ni dalili kuna kitu kimeingia, kiwe kinyesi au mkono wa mtu.

Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na huduma ya maji imekabidhiwa kaunti. Basi kaunti iweke ua na mlinzi penye pampu, ipime kila siku mabombani, kwenye malori na mikokoteni ya punda, na ibandike matokeo msikitini na kwa chifu. Mtume (S.A.W.) alitukataza kuchafua penye maji. Mama anayejaza mtungi asubuhi ana haki ya kujua maji yale yalipimwa lini.