Kiwanja cha Bei Nafuu Peke Yake si Makazi

Mwalimu anayehamishiwa Tabora, sawa na karani, muuguzi au bwana shamba, hufika na barua ya uhamisho mkononi na swali moja moyoni: familia yangu itakaa wapi? Nyumba zilizo karibu na soko na stesheni zina kodi inayomeza sehemu kubwa ya mshahara, na aghalabu kinachopatikana ni vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji wengi. Kwa mtu mwenye mke na watoto wanne, hayo si makazi ya kudumu. Kwa hiyo baada ya mwaka mmoja au miwili huanza kuulizia kiwanja pembezoni mwa mji, mahali ambapo bei inalingana na uwezo wake na ambapo bado anaweza kufika kazini asubuhi.

Swali hili huchukuliwa kuwa ni la kila mtu na mfuko wake. Lakini idadi ya wanaouliza imekuwa kubwa mno. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 226,999 katika Manispaa ya Tabora. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 300,000. Makumi elfu ya watu walioongezeka katika miaka kumi wamelala mahali fulani, na wengi wao wamelala katika ardhi iliyokuwa mashamba ya mahindi na karanga. Wamejenga kwanza, barabara, bomba na shule vimeachwa vifuate. Huo ndio utaratibu unaohitaji kugeuzwa.

MISAFARA ILICHAGUA MAJI

Yafaa tukumbuke kwamba Tabora yenyewe ni mtoto wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Mpwapwa na Ugogo ilifika Unyanyembe baada ya safari ya miezi mingi, na hapa ndipo njia zilipogawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda kaskazini kuelekea ziwa kubwa. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walikuwa nguvu ya njia hiyo, waliijua nchi kwa vituo vyake. Kambi haikuwekwa mahali kwa sababu ardhi yake ilikuwa haina mwenyewe. Iliwekwa penye maji, penye chakula cha kununua, na kwa umbali ambao mtu mwenye mzigo begani aliweza kuumaliza kabla jua halijawa kali. Kiongozi wa msafara aliyekosea hesabu hiyo alipoteza watu.

Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, hawakukuta mji uliobanana. Walikuta matembe yaliyotawanyika katika uwanda, mengi yakiwa na bustani na visima vyake. Kwihara, ambako Livingstone alikaa tangu Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi, ni kilomita chache tu kusini-magharibi mwa mji wa leo. Kwa maneno mengine, kuishi nje kidogo ya Tabora si desturi mpya. Tofauti ni kwamba watu wa zamani walichimba kisima kwanza ndipo wakajenga ukuta, na sisi tunajenga ukuta ndipo tukaanza kumtafuta muuza maji mwenye baiskeli.

Tusidanganyike kwamba zama hizo zilikuwa njema. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watumwa, na wengi walioipita hawakuichagua. Linalofaa kuchukuliwa kutoka humo ni busara ya wapagazi katika kupima umbali na maji.

UJIJI NA KIGOMA

Njia hiyohiyo ina mfano wa pili unaokaribia zaidi shida ya leo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na ilipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914 haikuishia Ujiji, mji maarufu wa misafara. Ilishia Kigoma, penye bandari nzuri zaidi, umbali usiofika kilomita kumi. Biashara, ofisi na meli zikaenda Kigoma. Wengi wangedhani Ujiji ungekufa. Haukufa. Ulibaki kuwa mji wa familia, wenye mitaa, misikiti, masoko na miembe yake, na leo miji hiyo miwili ni manispaa moja. Mtu hufanya kazi Kigoma na kurudi kulala Ujiji.

Ujiji uliweza kufanya hivyo kwa sababu ulikuwa na vitu vyote vya makazi kabla ofisi hazijahamia kwingine: soko, majirani wanaofahamiana na njia inayopitika. Mtaa mpya unaochipuka katika shamba la mtu nje ya Tabora hauna hata kimoja kati ya hivyo. Unakuwa mtaa wa kulala tu, na kila hitaji la siku hulazimu safari ya kwenda mjini.

HESABU ISIYOANDIKWA

Hapa ndipo wafanyakazi wengi hukosea kuhesabu. Kiwanja cha pembezoni huitwa cha bei nafuu kwa sababu bei yake hulipwa siku moja. Gharama zake nyingine hulipwa kidogo kidogo, wala hakuna anayeziandika.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwalimu analipa nauli ya shilingi 1,000 kwenda kazini na 1,000 kurudi, siku 22 kwa mwezi: hizo ni shilingi 44,000. Watoto wake wawili wanasoma mjini kwa kuwa mtaa hauna shule, na kila mmoja analipa 400 kwenda na 400 kurudi: hizo ni shilingi 35,200. Jumla ni shilingi 79,200 kwa mwezi na 950,400 kwa mwaka. Kwa miaka kumi, bila kuongeza kupanda kwa nauli, zimekwenda zaidi ya shilingi milioni tisa na nusu. Bado hatujahesabu maji ya kununua kwa dumu, wala bodaboda ya usiku mtoto anapopatwa na homa. Msomaji na aweke nauli za mtaa wake mwenyewe, kisha ailinganishe jumla atakayoipata na tofauti ya bei kati ya kiwanja kile na kilichopimwa karibu zaidi. Wahenga walikwisha sema: rahisi ghali.

Kuna na jambo la ardhi yenyewe. Mvua za Tabora hunyesha tangu Novemba hadi Aprili au karibu yake. Kiwanja kinachoonyeshwa na dalali mwezi Agosti ni kikavu na kinapendeza. Mwezi Machi huenda ni mbuga, udongo mweusi unaoshika maji, choo kimejaa na ukuta umepasuka. Wakulima wa Kinyamwezi walijua tangu zamani wapi pa kulima mpunga na wapi pa kujenga. Mnunuzi mgeni hajui, na anayemuuzia hana sababu ya kumwambia.

Tena liko suala la haki. Hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba fedha zimetolewa, lakini haiwi hati ya kumiliki ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Siku mchoro wa mipango miji utakapofika na barabara ikapita sebuleni, mwalimu aliyetumia kiinua mgongo chake atajikuta anaomba huruma mahali ambapo angeweza kudai haki.

ALIYEACHWA AJITEGEMEE

Haitakuwa haki kumlaumu mfanyakazi peke yake. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba mwaka 1973, ili mtu wa kipato cha kawaida apate pa kuishi. Benki hiyo ilikufa mwaka 1995. Tangu mwaka 2002 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwamo, na mtumishi aliyehamishiwa kituoni baadaye hakuikuta tena nyumba ambayo mtangulizi wake aliikuta. Mikopo ya nyumba ya mabenki ipo, lakini huwafikia wachache. Aliyebaki nje hujenga jinsi anavyojua: msingi mwaka huu, matofali mwakani, bati Mungu akijalia. Mtu anayejenga hivyo hununua ardhi mapema na kwa bei ndogo iwezekanavyo, kwa sababu ndiyo hatua pekee anayoiweza. Anayetaka kumzuia asijenge kiholela hana budi ampe mahali pengine anapopaweza.

Hata ofisi zenyewe huhama. Makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui yako Isikizya, katika barabara iendayo Nzega. Mtumishi wa huko ana swali lilelile lililogeuzwa: akae Tabora penye shule na hospitali asafiri kila siku, au akae karibu na ofisi na familia ikose huduma za mjini? Ofisi inapotangulia na mtaa usifuate, barabara hulipa kwa mafuta, na mwananchi anayesubiri dirishani hulipa kwa muda wake.

SOMO TULILOLILIPIA

Kwa bahati njema, jawabu si la kubuni. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia iliendesha mradi wa viwanja na huduma katika miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Morogoro, Iringa na Tabora. Mradi ulifanya mambo mawili. Mahali pengine ulipima ardhi tupu, ukachora barabara na kufikisha maji, kisha wananchi wakapewa viwanja wajenge wenyewe. Mahali pengine uliingia katika mitaa iliyokwisha jengwa kiholela, ukajaribu kuirekebisha.

Miongo kadhaa baadaye, watafiti wakiongozwa na Guy Michaels waliirudia mitaa hiyo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Mitaa iliyopimwa kabla ya watu kufika ilikuwa na nyumba bora na kubwa zaidi, zilizopangika, zenye kufikiwa na barabara, maji na umeme. Mitaa iliyorekebishwa baada ya kujengwa haikuonekana kuwa bora kuliko maeneo jirani yasiyoguswa kabisa. Fedha zilitumika pande zote mbili. Kilichotofautisha ni nini kilitangulia.

Watasema wengine kwamba upimaji hupandisha bei na kumfukuza mnyonge, na kwamba hata katika mitaa ile ya zamani wenye fedha walinunua na kuhamia. Hoja hiyo ina uzito. Dawa yake ni kupima viwanja vingi kwa wakati mmoja, kwa sababu uchache ndio mama wa bei; kutenga viwanja vidogo kwa ajili ya kipato kidogo; na kuruhusu malipo ya awamu yanayolingana na mshahara. Wala mkulima mwenye shamba asisahauliwe. Sheria inaagiza fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Mtaa wa walimu usijengwe juu ya machozi ya mzee aliyekuwa akilima pale.

WAKATI NI HUU

Tabora ina sababu ya kufanya haraka. Maji ya Ziwa Victoria yalifikishwa mjini mwanzoni mwa miaka ya 2020, baada ya miaka mingi ya kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Barabara za lami sasa zinauunganisha mji na Nzega na Urambo. Mikataba ya reli mpya ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Kigoma, ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Reli ya mwaka 1912 ilibadili thamani ya ardhi ya mji huu, na hii mpya haitafanya kinyume. Shamba ambalo halijapimwa leo litakuwa limekatwa vipande na madalali kabla ya treni ya kwanza kupiga honi.

Kwa hiyo Manispaa na Halmashauri jirani zikae pamoja, zichore mitaa kwenye barabara zinazopitika mwaka mzima, na zitenge mahali pa shule, zahanati na soko kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza. Mamlaka ya maji iulizwe bomba litafika wapi, na mchoro ufuate bomba.

Kwa upande wao, walimu na watumishi wasiende kununua mmoja mmoja usiku usiku. Wana vyama vya ushirika wa akiba na mikopo. Watu thelathini wakiungana, wanaweza kununua eneo moja kihalali, kumlipa mpima aliyesajiliwa, na kuacha njia na uwanja wa watoto. Kabla ya kutoa hata shilingi moja waulize mambo manne: ofisi ya ardhi inalitambuaje eneo hili? Maji yatatoka wapi? Mtoto wa darasa la kwanza atatembea dakika ngapi? Na mwezi Machi njia hii inapitika? Eneo lisilo na majibu hayo liachwe, hata kama bei yake inapendeza.

Wapagazi wa Unyanyembe hawakutua mizigo yao mahali pasipo na maji, na wao walikuwa wakilala usiku mmoja tu. Sisi tunatafuta mahali pa kulea watoto na kuzeekea. Haifai tuwe wepesi wa kuchagua kuliko wao.