Tuwatembeze Watoto Wetu

Kila siku tunawaona wageni wakitembezwa kwa miguu katika vichochoro vya Mji Mkongwe na vijiji vya Unguja. Hutoa fedha ili waelezwe yale ambayo watoto wetu huyapita bila kuyauliza. Kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani kina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ni watoto wangapi wa mjini waliowahi kuyaona? Likizo hii tuwapeleke, tuswali adhuhuri humo, kisha tumwombe mzee wa kijiji atutembeze na kutusimulia. Wazee hao wakiondoka kabla hatujawasikiliza, tutakachorithi ni mawe matupu.