Taa za majengo ya kale Moshi: Mkulima asibebeshwe mzigo

Watalii wengi wanaopanda Mlima Kilimanjaro hulala Moshi kabla na baada ya safari. Mji una majengo ya kuwaonyesha hata usiku, ikiwamo stesheni ya reli iliyofika kutoka Tanga mwaka 1911, pamoja na jengo la KNCU. Kuyamulika kunaweza kuwaongezea wateja wenye migahawa na maduka ya vinyago. Swali ni nani atalipa.

KNCU iliundwa mwaka 1933 kwa nguvu ya vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa. Kwa hiyo gharama ya taa katika jengo lake humgusa mkulima wa mlimani, hata kama hajawahi kulala hotelini mjini.

Chukua mfano wa taa 8 za zamani za wati 500. Zikiwaka saa 5 kila usiku, zinakula uniti 600 za LUKU kwa mwezi. Taa 8 za LED za wati 50 zinatumia uniti 60 tu. Zikizimwa saa 4 usiku badala ya saa 6, zinabaki uniti 36.

Aidha, si lazima jengo zima ling'ae. Taa ndogo ya rangi ya manjano ikiwekwa chini karibu na ukuta huonyesha mawe, matao na milango. Taa kali nyeupe kutoka mbali hufuta mapambo na kuwaumiza macho wapita njia. Taa zifungwe kwenye nguzo za pembeni, kwani ukuta ukitobolewa, maji ya masika hupenya.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1886. Ya Moshi ni ya baadaye, hivyo yanahitaji tangazo la Waziri. Bila hilo, ulinzi wake unategemea zaidi busara ya mwenye jengo.

Tujifunze Zanzibar. Beit el-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa jengo la kwanza huko kuwekwa umeme, lakini sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Taa haziokoi ukuta uliochoka.

Hivyo basi, paa na nyaya zitengenezwe kwanza. Baada ya hapo, wapangaji wa fremu na wenye hoteli wanaovuna wateja wa usiku wachangie LUKU. Fedha ya kahawa ibaki kwa mwenye kahawa.